Hapana, Tahtawi hakurudi Mfaransa

Kila muhula nikimfikia Rifaa al-Tahtawi, mwanachuoni na mfasiri wa Misri, lazima mwanafunzi anyooshe mkono: "Mwalimu, si ndiye yule shekhe aliyekwenda Paris akarudi Mfaransa?" Safari hii nimeulizwa mara tatu kwa wiki moja. Nimechoka.

Aulizaye hivyo hajafungua kitabu chake cha safari hiyo ya Paris, Takhlis al-Ibriz, cha mwaka 1834. Humo Tahtawi alitafsiri katiba ya Wafaransa ya 1814, tena alikuwapo Paris Julai 1830 watu walipomng'oa mfalme Charles wa Kumi. Kasuku angekuta neno lao liberté, akaandika "hurria" kwa Kiarabu, akapita zake. Yeye anasimama na kumweleza msomaji wa Misri kwamba hicho Wafaransa wanachokiita hurria na kukililia, ndicho sisi tunachokiita adili na insafu: sheria iwe moja kwa wote, mtawala asimdhulumu mtu. Sisi Waswahili leo tunasema uhuru, neno la shina lilelile, bila kufikiri mara mbili. Kwa msomaji wa Kiarabu wa wakati ule, hurri alikuwa kwanza kabisa mtu asiye mtumwa. Mwachie neno hilo tupu, atadhani watu wa Paris wanadai kuachwa huru na mabwana zao! Tahtawi akalihamishia mahakamani, mahali ambapo msomaji wake alishajua dhuluma inafananaje.

Huko ni kuiga? Mtu huyohuyo alionya kwamba vitabu vya falsafa vya Wafaransa vina upotofu, na anayetaka kuvisoma ajizatiti kwanza kwa Kurani na Sunna. Lakini Voltaire na Rousseau alishawasoma. Wanafunzi wangu wa tafsiri huwaambia wafunge kamusi kwanza, wajiulize msomaji atasikia nini. Hawanisikilizi.

Mengine nayamaliza haraka. Eti alipelekwa Ufaransa kusoma: la, mwaka 1826 alipelekwa awe imamu wa wanafunzi waliotumwa na Muhammad Ali, mtawala wa Misri, kwa pendekezo la mwalimu wake wa Azhar, Hasan al-Attar. Kifaransa alikianza kwa juhudi yake, akakaa miaka 5. Eti alikuwa mtu wa fasihi tu: alitafsiri jiografia na sheria, alisimamia Shule ya Lugha iliyofunguliwa Kairo mwaka 1835, na aliandika historia ya Misri kuanzia enzi za Mafarao, hapo mwaka 1868. Eti elimu ya wasichana aliitetea ili kuwafurahisha Wazungu: kitabu chake cha 1872 kimejaa hoja za dini, someni.

Na hili la Khartoum, kwamba alipelekwa "kueneza elimu Sudani". Barua ya uteuzi ndivyo ilivyosema, ndiyo, aende akaongoze shule ya msingi. Mtu aliyefunza wafasiri wa dola nzima! Abbas, mtawala mpya, hakumtaka Kairo. Mwaka 1850 akamtupa huko, naye akabaki mpaka Abbas alipokufa mwaka 1854. Huko ndiko alikotafsiri Télémaque ya Fénelon, hadithi iliyoandikwa kumfunza mjukuu wa Louis wa Kumi na Nne jinsi mfalme anavyopaswa kutawala. Ilichapwa Beirut mwaka 1867, Abbas akiwa kaburini muda mrefu.