Dhana ya nafsi: kipi cha kurithi, kipi cha malezi?

Soko la Majengo hapa Dodoma, mama akisimama dakika tano na mtoto mgongoni, atakuwa ameshaambiwa mtoto kamtoa nani. Sura ya baba yake. Masikio ya bibi mzaa mama. Mtoto akianza kutembea, maneno yanahama usoni yanaingia kwenye tabia: mkaidi kama babu yake, mpole kama shangazi, mdomo huo kautoa ujombani. Mwenyewe anasikia yote. Akifika miaka kumi, ukimuuliza yeye ni mtu wa namna gani, atakujibu kwa maneno yale yale aliyoyasikia akiwa mgongoni.

Jibu hilo ndilo linaloitwa dhana ya nafsi. Ni picha aliyonayo mtu juu yake mwenyewe, pamoja na thamani anayoipa picha hiyo. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliongeza jambo la tatu, yule mtu ambaye unatamani kuwa. Tusichanganye dhana ya nafsi na uwezo wala tabia halisi ya mtu. Mtu anaweza kuwa mwepesi kabisa wa kuelewa huku nafsi yake ikimwambia kuwa yeye ni mzito, na akaishi maisha yake yote kwa kuifuata hiyo picha.

Picha hiyo inatoka wapi? Tuanze na tunachozaliwa nacho. Kwa kawaida mtu ana kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na ndani yake kuna jeni kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini za mwili. Katika jeni hizo hakuna hata moja iliyoandikwa "mimi ni mpole" au "mimi sifai". Zinatoa mwili na rangi, na zinachangia kile ambacho Kiswahili kinakiita hulka. Jerome Kagan, aliyechunguza watoto wachanga kwa miaka mingi huko Marekani, aliona kuwa wakiwa na miezi minne tu, kama mmoja kati ya watano hushtuka na kulia sana akionyeshwa kitu kigeni. Wengi wa watoto hao walielekea kuwa waoga wa watu na mambo mapya walipokua kidogo. Hapo bado hakuna aliyewafundisha aibu.

Lakini hulka haikai peke yake hata siku moja. Fikiria ndugu wawili katika kijiji kimoja cha Bahi. Mmoja ni mkimya, mwingine hazibi mdomo. Mkimya atapelekwa kuchunga, kwa sababu anavumilia upweke. Msemaji atatumwa dukani, atatumwa kwa majirani, atasimamishwa kusalimia wageni. Baada ya miaka mitano mmoja ameongea na mamia ya watu na mwingine ameongea na mbuzi. Kila mmoja sasa anasema "mimi nilizaliwa hivi", na kwa kiasi fulani ni kweli, ila tofauti ndogo waliyozaliwa nayo imekuzwa kila asubuhi na kazi waliyopewa kwa sababu ya tofauti hiyo hiyo. Mkimya akiitwa jina la babu yake, na nyumba nzima ikamwita "babu", ikamwamkia kwa heshima na kumsubiri aseme kwa busara, ukimya wake utaitwa hekima. Katika nyumba nyingine ukimya huo huo utaitwa ujinga.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Watu wengi huutumia msemo huu kueleza nguvu ya damu. Mimi nikiusikia naona kitu kingine: huyo mtoto amekulia mbele ya mivukuto! Aliyempa damu ndiye aliyempa karakana. Hukwe Zawose, bingwa wa ala za ilimba na zeze kutoka Ugogo, alifariki mwaka 2003, na watoto na wajukuu wake wanaendelea kuimba. Huenda wamerithi sikio zuri. Pia wamekua ilimba ikilia nyumbani. Kwa kuwatazama tu, huwezi kuchambua kipi kilifanya kazi gani.

Ndiyo maana watafiti huwatumia mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa wana urithi mmoja, na wasiofanana wana kama nusu tu ya urithi unaolingana, kama ndugu wengine. Mwaka 2015 yalitolewa majumuisho ya tafiti zaidi ya 2,700 za mapacha, zilizofanyika katika kipindi cha miaka 50. Kwa wastani wa sifa zote zilizopimwa, urithi ulieleza asilimia 49 ya tofauti baina ya watu.

Nambari hii inapotoshwa kila siku, kwa hiyo nitatulia hapa kidogo. Haisemi kuwa nusu yako imetoka kwa wazazi na nusu nyingine mtaani. Ukisonga ugali, huwezi kukata kipande ukasema hiki ni unga na hiki ni maji. Nambari inazungumzia tofauti kati ya watu wengi, na inabadilika kulingana na mahali. Chukua urefu. Mahali ambapo watoto wote wanakula vizuri, tofauti za urefu zinatokana zaidi na urithi, kwa kuwa chakula hakiwatofautishi tena. Mahali ambapo wengine wanashiba na wengine wanalala njaa, sehemu ya mazingira inapanda. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo mtu wa huku kwetu, ambako mvua ikikata mtama unakauka, akisema "ukoo wetu ni wafupi", huenda anasimulia historia ya njaa akidhani anasimulia damu. Na mtoto anaibeba hadithi hiyo kama sehemu ya yeye ni nani.

Mazingira yenyewe ni zaidi ya chakula na shule. Mwaka 1902 Charles Horton Cooley, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kuwa watu wengine ni kioo chetu: tunawaza wanavyotuona, tunawaza wanavyotuhukumu, kisha tunaona fahari au aibu. Hata jina la kabila linaweza kuja hivyo. Kwa masimulizi yanayojulikana sana, jina Wagogo lilitolewa na wapita njia wa misafara, na leo ni jina ambalo wenyewe wanalibeba kwa fahari. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, wapo watoto ambao baba ni Mhaya, mama ni Mchaga, wao wanasalimia "mbukwenyi", wanakula mlenda, na ukiwauliza kwao ni wapi wanasema ni hapa. Jeni zao hazijahama. Nafsi zao zimepata kwao kupya.

Namna ya kulijibu swali la "wewe ni nani?" hutegemea mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwataka watu wamalizie sentensi "Mimi ni...". Wanafunzi wa Marekani walitaja zaidi sifa zao binafsi. Wamasai na Wasamburu wa Kenya walitaja zaidi nafasi zao kwa watu, mtoto wa fulani, mama wa fulani, wa ukoo fulani. Wanafunzi wa chuo jijini Nairobi walijibu kwa namna iliyokaribia ya Wamarekani.

Mfano ambao hauniachi ni wa ualbino. Kuna urithi gani ulio wazi kuliko huu? Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni ya ualbino bila wenyewe kuwa na ualbino, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ualbino. Jeni hiyo inagusa rangi ya ngozi, nywele na macho. Rangi inahitajika pia jicho linapojengwa, kwa hiyo watoto hawa huona kwa shida, na miwani haimalizi tatizo lote. Kuhusu akili, jeni hiyo haisemi lolote.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi wilayani Chamwino. Kijana mmoja mwenye ualbino alikuwa mrefu, nikamkalisha nyuma kama ilivyo kawaida kwa warefu. Dirisha lilikuwa mbele yake na jua la Dodoma mnalijua. Hakuwa anaona ubao. Hakusema, kwa sababu alidhani wote wanaona hivyo hivyo. Alishika mkia muhula baada ya muhula, wenzake wakamwita mzito, na nikiri kwamba nami nilikuwa nimeanza kumwona hivyo. Muuguzi aliyekuja kukagua macho ndiye aliyenifumbua yangu. Tukamleta mbele upande wa kivuli, tukaanza kumwandikia kwa herufi kubwa, tukaruhusu avae kofia darasani. Alama zilipanda ndani ya muhula mmoja.

Nafsi haikupanda nazo. Mwaka uliofuata, akiwa wa tano kati ya wanafunzi zaidi ya 60, nilimwomba aje ubaoni afanye hesabu ambayo nilijua anaiweza. Akainama, akasema, "Mwalimu, mwite mwingine. Mimi mzito."