Ufyonzaji halisi wa kaboni: msitu unapimwaje?

Tunaposema msitu umefyonza kaboni, tunazungumzia tofauti ya hesabu mbili. Mchana majani huvuta hewa ukaa, gesi iliyobeba kaboni, kujitengenezea chakula. Lakini miti hiyohiyo pia hupumua, na udongoni kuvu na bakteria huozesha majani na mizizi. Yote hayo huirudisha hewa ukaa angani, usiku na mchana. Kinachobaki ndicho ufyonzaji halisi. Mara nyingi baki hilo ni dogo likilinganishwa na kinachoingia na kinachotoka, kwa hiyo kosa dogo la upimaji linaweza kuugeuza msitu unaofyonza uonekane unatoa.

Finland na Sweden zina misitu mingi inayotunzwa kwa ajili ya mbao na karatasi, na zimeipima kwa muda mrefu. Finland ilianza kukagua misitu ya nchi nzima mwaka 1921, Sweden mwaka 1923. Wapimaji huchukua unene wa shina kwenye kimo cha kifua, kisha hukadiria uzito wa mti. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Njia hii naiheshimu sana, ila haioni vizuri yaliyomo udongoni, na katika misitu ya kaskazini kaboni nyingi imelala huko.

Ndiyo maana hujengwa minara inayopita vilele vya miti. Juu yake vipo vihisi vinavyosoma, mara 10 au zaidi kwa sekunde, kama upepo unapanda au unashuka na umebeba hewa ukaa kiasi gani. Ikiwa upepo unaoshuka umebeba nyingi kuliko unaopanda, msitu unafyonza. Kwa kawaida hesabu hufanywa kila nusu saa, mwaka mzima. Shida huja usiku usio na upepo, hewa ukaa inapotambaa chini kwa chini bila kukifikia kihisi.

Huko Hyytiälä, Finland, msitu wa misonobari uliopandwa mwaka 1962 umekuwa ukifyonza. Norunda, kaskazini ya Uppsala nchini Sweden, vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha msitu ukitoa kuliko unavyovuta, ingawa miti yake ilikuwa ingali inakua.

Kisha kuna uvunaji. Eneo lililokatwa miti yote hutoa hewa ukaa kwa miaka kadhaa, hata zaidi ya kumi, kabla miche haijashika kasi. Kaboni ya magogo nayo haipotei siku ileile: ya karatasi hurudi angani mapema, ya nguzo za nyumba hukaa miongo. Kwa hiyo ukipewa takwimu ya ufyonzaji, uliza kwanza kama udongo, miaka ya baada ya kukata na mbao zilizotoka vimehesabiwa. Finland ilipojumlisha misitu na matumizi mengine ya ardhi kwa mwaka 2021, jumla ilikuwa utoaji: ukataji ulikuwa mkubwa, miti ilikua polepole kuliko awali, na udongo wa mboji, yaani wa mabaki ya mimea yaliyorundikana kwenye ardhi chepechepe, uliokaushwa kwa mifereji ulikuwa ukitoa.