Mkojo wa Rangi ya Strungi Si Kutu Inayotoka: Maswali ya Wanaorudi Mazoezini kwa Ajili ya Mbio za Vikwazo

Mbio zikikaribia, wagonjwa wangu hapa Kisauni, Mombasa, huwa ni wa namna moja. Amekaa miaka bila zoezi, kajiandikisha na wenzake wa kazini, kaanza kwa pupa Jumamosi, na Jumanne anashuka matatu mlangoni petu huku kondakta amemshika mkono. Maswali yao nayajibu hapa, maana nimechoka kuyajibu mtu akiwa tayari ametundikiwa dripu.

Hizi mbio za vikwazo hasa ni nini?

Ni mbio zenye vizuizi njiani: kuparamia kuta, kupanda kamba, kutambaa chini ya waya, kubeba mfuko wa mchanga, kuning'inia kwenye vyuma. Zile za Spartan zilizoanzia Marekani, fupi yake ni kilomita 5 na vikwazo 20, na kwa miaka mingi aliyeshindwa kikwazo alitozwa adhabu: kulala kifudifudi, kupiga pushapu na kuruka juu, mara 30. Kwa hivyo kujua kukimbia hakutoshi. Mabega, mgongo na mapaja yote yanafanyishwa kazi ambayo hayajaiona tangu shule.

Mimi zamani nilikuwa mchezaji mpira. Si mwili unakumbuka?

Unakumbuka, na utarudi upesi kuliko mtu ambaye hajawahi kucheza. Lakini si siku ya kwanza. Hata niseme wazi: nyinyi wa "zamani nilikuwa" ndio mnaonitia wasiwasi zaidi. Asiyewahi kufanya mazoezi akichoka anakaa chini. Wewe unajua kuvumilia, kwa hivyo unaipeleka misuli dhaifu ya leo kwa ukaidi wa miaka ile.

Maumivu gani ni ya kawaida?

Yanayoanza siku inayofuata, yanazidi siku ya pili, kisha yanapungua. Yako pande zote mbili, unaweza kukunja na kukunjua, na mkojo ni wa rangi yake. Hayo hayahitaji daktari.

Na mkojo ukiwa mweusi?

Hospitali. Siku hiyo hiyo.

Msuli ukifanyishwa kazi kupita uwezo wake, nyuzi zake hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani kwenye damu. Kimojawapo ni protini nyekundu inayoitwa mayoglobini. Figo hujaribu kuichuja, na ikizidi inaziumiza. Mkojo hutoka rangi ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, au ya soda nyeusi, kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya zoezi. Pamoja nao unaweza kuona msuli umevimba, umekuwa mgumu, au mkono hauna nguvu hata ya kuinua kikombe. Si lazima dalili zote zije pamoja. Uvimbe na udhaifu usio wa kawaida, hata mkojo ukiwa safi, vinatosha kukuleta.

Wenzangu wa jim wanasema ni kutu inatoka, mwili unajisafisha.

Si kutu. Ni nyama yako mwenyewe. Hakuna mwili unaojisafisha kwa kukojoa strungi. Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, na kila ninapolisikia mgonjwa amepoteza siku mbili akisubiri usafi uishe.

Basi ninywe maji mengi nyumbani nione kesho?

Hapana. Kunywa maji ukiwa njiani kwenda hospitali. Kinachokutafuta hapa si figo peke yake: msuli uliopasuka humwaga pia potasiamu, na ikipanda sana kwenye damu mapigo ya moyo huharibika, na moyo unaweza kusimama. Potasiamu huioni kwa macho wala huisikii mwilini. Hupimwa maabara. Mtu anayeniambia "nilidhani itapita" huwa amekaa nayo usiku kucha bila kujua.

Nimenunua diklofenaki dukani ili nipunguze maumivu kwanza.

Iweke chini. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, saa ileile ambayo figo zinaihitaji kuliko siku zote. Na sindano ya maumivu iliyopigwa nyuma ya kaunta mara nyingi ni dawa hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kama ni yale maumivu ya kawaida niliyotaja, parasetamoli inatosha.

Na kukandwa pia uache. Naheshimu wakandaji wetu, wapo wanaojua kazi yao, lakini msuli uliovimba baada ya mazoezi makali hausuguliwi na mafuta ya moto.

Nilipima mkojo, kijiti kikaonyesha damu, nikapewa dawa ya kichocho.

Hili huwapotosha hata wahudumu. Kile kijiti hakitofautishi damu na mayoglobini. Vyote viwili hukibadilisha rangi. Na kwa kuwa Pwani kichocho tunacho, mtu anakimbilia hapo, au anasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Kazi yako wewe mgonjwa ni moja: mwambie anayekuhudumia, kabla hajakuuliza, kwamba juzi ulifanya mazoezi mazito. Sema ulifanya nini na mara ngapi. Hapo ataomba kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, pamoja na vya figo na potasiamu. Ikiwa kituo ulichoenda hakina maabara, usilale hapo. Hospitali ya rufaa ya Coast General hupokea wagonjwa wa dharura usiku na mchana.

Mkojo umerudi kawaida wenyewe. Bado niende?

Bado uende. Mayoglobini huondoka kwenye mkojo mapema kuliko madhara yake yanavyoonekana kwenye vipimo.

Nani yuko hatarini zaidi?

Aliyekaa muda mrefu kisha akaanza kwa kishindo. Anayefanya zoezi juani akiwa na kiu, hasa wakati huu wa kaskazi, Januari hadi Machi, jasho linapotiririka lisikauke. Mwenye homa. Na aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu: haumwi, pengine hata hajui, lakini kwenye zoezi kali na joto msuli wake huharibika upesi zaidi. Pwani yetu watu hawa si haba, kwa hivyo kama kwenu kuna mtoto wa selimundu, pimwa.

Kuna pia wale wa muguka. Unatafuna kutwa, unapandisha mapigo ya moyo na presha, husikii njaa wala uchovu, usiku hulali, kisha alfajiri unakwenda kubeba mifuko ya mchanga. Sina lugha ya upole kwa hilo. Chagua kimoja.

Sasa nianzeje?

Anza kwa kupima presha. Ikisoma 180/110 au zaidi, mbio zisubiri, kwanza tibiwa. Na kama kifua hubana ukipanda ngazi na huachia ukipumzika, usijiambie ni asidi. Njoo upimwe moyo.

Jipe wiki 12. Wiki nne za mwanzo ni kutembea haraka, dakika 30 kwa siku, siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mama Ngina alfajiri panatosha, au ufuo wa Bamburi maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu. Mji wetu hauna vilima, lakini anayevuka Likoni ana ule mteremko wa feri kila siku. Upande kwa miguu bila kusimama. Siku mbili kwa wiki fanya ya nguvu: pushapu za ukutani, kuchuchumaa na kuinuka, kubeba mitungi ya lita 5 mkono huu na huu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, huo ni wa wiki ya nane, si ya kwanza. Kuning'inia anza na sekunde 10. Ongeza kidogo kila wiki, na usikubali shindano la pushapu 100 siku ya kwanza hata mkufunzi akucheke mbele ya watu.

Ramadhani, zoezi zito lifanywe baada ya tarawehe, umeshakunywa maji. Si saa moja kabla ya futari.

Nimelazwa, nimetoka. Nirudi lini?

CK na figo zikishakuwa sawa, na daktari aliyekutibu akubali. Utaanza upya na kutembea, wiki ya kwanza ile ile, na mkojo utautazama kila baada ya zoezi. Mbio za mwezi ujao usahau. Ada ya kujiandikisha imeshakwenda, najua, na huwa ndilo jambo la kwanza wanaloniuliza.