Mbwa "aliyeonja damu" na maneno mengine yanayonichosha

Jumatatu saa moja asubuhi simu ikalia. Mzee mmoja wa pande za Molo, sauti imemkauka. "Mwalimu, mbwa ameua kondoo wawili usiku. Sasa si unajua, ameshaonja damu. Nimemfunga kwenye mti. Nitafutie daktari aje amdunge sindano alale."

Nikamuuliza, "Mzee, hao kondoo aliwala?"

Kimya kidogo. "Hakuwala. Amewararua mapaja na shingo, akawaacha hapo. Nimemkuta amelala mlangoni kwangu."

Nikamwomba asubiri nifike, na mbwa apewe maji. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo kuambiwa habari ya damu, na kila mara huambiwa kwa sauti ile ile ya mtu anayetangaza msiba. Nafundisha mbwa wa mashambani katika kaunti hii ya Nakuru, kuanzia Bahati hadi Mau Summit. Kama ningelipwa shilingi mia kila nisikiapo "ameonja damu", ningekuwa na kondoo wangu mwenyewe.

"Akishaonja damu, kwisha"

Tuanze na swali nililomuuliza mzee. Kama damu ni ulevi unaomteka mbwa, mbona hakuila ile nyama? Kondoo wawili wamelala pale, chakula cha wiki nzima, na yeye amekwenda zake kulala mlangoni. Hivi ndivyo ninavyokuta mara nyingi: kondoo ameraruliwa na hakuliwa, na mbwa aliyefanya hivyo ameshiba ugali wake wa jioni. Wako wanaonijibu kwamba basi alikuwa na njaa. Hakuwa na njaa.

Uwindaji wa mbwa mwitu ni mnyororo: kuona, kukazia macho, kunyatia, kukimbiza, kushika, kuua, kupasua, kula. Binadamu amefuga mbwa maelfu ya miaka na kuuchezea mnyororo huo, huku ameongeza pete, kule amepunguza. Border Collie wa kuswaga kondoo ana macho makali, ananyatia na kuzunguka vizuri sana, lakini pete za kushika na kuua zimelegezwa. Mbwa wa kulinda mifugo, kama wale wa Anatolia kule Uturuki, pete karibu zote za uwindaji ni dhaifu, ndiyo maana wanaweza kulala katikati ya kondoo. Hawa wetu wengi, wa kienyeji na machotara, pete iliyobaki imara ni ile ya kukimbiza. Na kukimbiza kwenyewe ndiko utamu. Mbwa hahitaji kula kitu mwishoni ili afurahie mbio hizo, kama vile mtoto hahitaji kulipwa ndipo acheze mpira.

Sasa ongeza kondoo. Kondoo akishtuka hukimbia, na mwendo wake unamwita mbwa. Kundi likikwama kwenye kona ya ua halina pa kwenda, mbwa naye hana wa kumwambia basi. Anashika sufu, inanyofoka, anashika tena, safari hii amefikia nyama. Damu hapo inatokea mwishoni kabisa mwa hadithi, na mwenye mbwa anaanza kuhesabu kutoka hapo.

Nilipofika kwa mzee sikwenda kwa mbwa kwanza. Niliketi na mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na miwili, nikamuuliza huyu mbwa hucheza nini. Akacheka. "Anakimbiza kuku! Guka, yaani babu, hupenda kumwona. Na ndama akipita kwenye ua anambwekea mpaka aruke." Miezi minane ya mazoezi, kila siku, na watazamaji wakipiga makofi. Kisha siku moja mlango wa zizi ukasahauliwa.

Kilichoniuma ni jambo alilolisema mzee bila kulitilia uzito: huyo alikuwa mbwa wa tatu. Wa kwanza na wa pili waliuawa kwa kosa hilo hilo. Kila mara analetwa mtoto wa mbwa mpya, analelewa vile vile, anachekewa vile vile, na akifika mwaka mmoja anauawa kwa kuonja damu. Nilimwambia, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwamba mbwa watatu hawawezi kuwa na laana moja.

Kuna jambo la kweli ndani ya imani hii na sitalificha. Mbwa aliyeua mara moja ana uwezekano mkubwa wa kurudia, kwa kuwa amelifanya na limempendeza. Wengine hawarudi nyuma. Anayeruka ua usiku na kuungana na kundi la mbwa koko, akaua hapa na pale miezi nenda rudi, huyo siahidi kitu. Nasema ahamishiwe mahali pasipo na mifugo, tena ndani ya ua mzuri. Lakini mbwa wa miezi kumi aliyeponyoka mara moja bado ana pa kuanzia.

Na wale wanaosema nyama mbichi humfundisha mbwa kuua mifugo? Kipande cha nyama kwenye bakuli hakimfundishi mbwa kwamba kondoo anayetembea ni chakula. Wazee waliokataza matumbo mabichi walikuwa na haki, ila sababu ni nyingine. Ukichinja ukakuta mifuko ya maji kwenye ini au mapafu, ukamtupia mbwa, umempa tegu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, yanaingia kwenye majani, kwenye maji, kwenye mikono ya watoto, na ndani ya mtu hugeuka uvimbe wa maji ule ule. Turkana imehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Tegu wa aina nyingine hupanda hadi kwenye ubongo wa kondoo, ndipo unamwona akizunguka upande mmoja kutwa nzima. Kondo la nyuma la ng'ombe nalo lizikwe, maana kupitia hilo mbwa huweza kupata kidudu cha Neospora kinachofanya ng'ombe watupe mimba. Kwa hiyo chemsha matumbo au uyafukie chini sana, na mbwa apewe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kila wiki sita. Hilo ndilo la kuogopa kwenye bakuli lake.

Tulivyoanza

Kamba ya nailoni ya mita 10, ukosi mpana usiokaba, na maini ya ng'ombe yaliyochemshwa kisha yakaangwa bila mafuta mpaka yakauke, yakatwe kama punje za maharagwe. Wengi hunicheka kwa maini haya. Biskuti hazifui dafu mbele ya kondoo.

Tulisimama hatua arobaini kutoka zizini. Alipowaona, masikio yakaenda mbele, mkia ukanyooka, mguu mmoja wa mbele ukainuka kidogo. Mimi huangalia mdomo. Mbwa anayehema mdomo wazi bado yuko nawe. Akiufunga ghafla, amekwenda, mwili tu ndio umebaki. Huyu aliufunga. Nikarudi nyuma hatua tatu pamoja naye, nikasimama, nikanyamaza. Sikumwita, sikumvuta, sikumkemea. Mzee nyuma yangu akakohoa kwa kukosa subira. Likacheza sikio la kushoto, kisha mbwa akageuza kichwa akanitazama. Papo hapo, ini.

Hilo ndilo somo lote: anajifunza kwamba kuwaacha kondoo ni uamuzi wake na una faida. Dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni. Umbali unapunguzwa kwa hatua chache, na siku akiufunga mdomo unarudi ulikotoka jana. Ilituchukua wiki tatu kufika kwenye ua. Baada ya hapo anaingia ndani, kamba inaburuta chini, mtu mzima yuko karibu ili aikanyage ikibidi.

Kamba haitoki kwa miezi sita. Kanuni hii niliilipia. Miaka ya nyuma, huko Subukia, niliifungua wiki ya nne kwa sababu mwenye mbwa alikuwa ameleta wageni nami nikataka kusifiwa. Mwanakondoo mmoja akaruka, mbwa akamfuata, mguu ukavunjika. Nilimlipa mwenye kondoo mbele ya wale wageni.

"Mfunge mbwa kuku aliyekufa shingoni, ataacha kuua kuku"

Hapana. Mbwa haunganishi mzoga unaonuka leo na mbio za juzi. Anaelewa tu kwamba amevalishwa kitu kibaya, na wewe umepata nzi. Kumpiga saa mbili baada ya tukio ni vivyo hivyo: anajifunza kukuogopa wewe, na kukimbiza kuku wakati haupo.

"Mfunge mchana ili usiku awe mkali"

Mbwa aliyefungiwa kwenye kibanda kutwa, akafunguliwa saa mbili usiku, ni jiwe kwenye manati. Hajatembea, hajaona ng'ombe akipita, hajui ndama wa jirani ni nani. Chochote kinachosogea gizani ni chake. Wanaoongeza pilipili au bangi kwenye chakula sina la kuwaambia zaidi ya kwamba wanamtesa mnyama. Mlinzi wa mifugo awajue mifugo mchana, atembezwe katikati yao kwa kamba, aone wakikamuliwa na wakilishwa. Ukali hauhitajiki. Kinachohitajika ni abweke kwa fisi na anyamaze kwa ndama.

"Nunua mbwa wa polisi"

Shepadi wa Kijerumani, yule mbwa wa polisi, ni mbwa mzuri sana kwa kazi yake. Kulala na kondoo si kazi yake, isipokuwa awe amelelewa nao. Malezi ndiyo yenye neno hapa: dirisha la mtoto wa mbwa kuzoea viumbe wengine huwa wazi zaidi tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne. Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund limewagawia wafugaji mbwa wa Anatolia tangu 1994, na mtoto wa mbwa huwekwa zizini na mbuzi akiwa bado mchanga ili wawe jamaa zake. Botswana wamefanya hivyo kwa mbwa wa kienyeji wa Kitswana, na wanafanya kazi. Sasa wewe wa Njoro unatumia maelfu ya shilingi kununua mbwa wa miezi sita aliyekulia kwenye saruji mjini, halafu unamlaumu kwa kutojua kondoo ni nani. Mchukue wa jirani akiwa na wiki nane, mama yake awe mtulivu mbele ya mifugo. Ila ujue kwamba hata huyo, akifika miezi mitano hadi minane, atacheza vibaya na wana-kondoo, atavuta masikio. Huo ni ubarubaru. Kamba irudi.

Mengine kwa ufupi. Kumhasi hakumfanyi mvivu, kunampunguzia kutoroka akifuata majike, na kutoroka ndiko kunakozaa yale makundi ya usiku. Mbwa aliyezoea ng'ombe hajazoea kondoo, wala aliyezoea kondoo hajazoea kuku. Kila mnyama ni somo jipya.

Kuna hali moja ambayo msinipigie mimi. Mbwa mpole, mtu mzima, akibadilika ghafla akaanza kung'ata ng'ombe, mti, hata mawe, sauti imegeuka, mate yanatiririka: huo huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, mpigie daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ng'ombe aliyeng'atwa atengwe, na maziwa yake yasinywewe. Chanjo ya mbwa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Mzee wa Molo alinipigia tena Jumamosi iliyopita. Sauti ilikuwa tofauti. "Mwalimu, leo kondoo amemkanyaga mguu wakigombea chumvi. Kamtazama, halafu akanitazama mimi, kama anasema naona umeshuhudia. Nimempa ini mbili. Sasa nifungue kamba?"

Tuko mwezi wa tatu. Nikamwambia bado.