“Kurasa za mafuta zinachosha”: wanapokosea wasomaji wa riwaya za vifaru

Kila inapotoka riwaya ya kusisimua kuhusu vita vya vifaru, maoni ya wasomaji huja na lawama ileile: hadithi ni tamu, mapigano yanapandisha roho, ila mwandishi amejaza kurasa za mafuta, minyororo na filta, bora angezikata. Lawama hiyo imenichosha. Mwandishi aliyeziandika kurasa hizo ndiye anayekijua kifaru. Aliyezikata ametunga ngano.

Dhana yenyewe ni hii: kifaru kikishawashwa kinakwenda popote, mchana kutwa na usiku kucha, mpaka adui akisimamishe. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachokisimamisha si adui. Ni tangi tupu, mnyororo unaozunguka magurudumu yake uliochomoka, au filta iliyoziba.

Pigeni hesabu. M1 Abrams, kifaru kikuu cha Marekani, hubeba takriban lita 1,900 za mafuta. Barabarani, kwenye makaratasi, mafuta hayo yanaifikisha kilomita 425 hivi, yaani lita nne na nusu kwa kila kilomita. Ikiingia porini, kwenye tope na miinuko, umbali huo unashuka vibaya. Injini yake ni ya tabaini, jamaa ya injini ya ndege, na hata ikiwa imesimama inanguruma tu hunywa karibu lita 40 kwa saa. Msomaji anauliza: si waizime? Hawawezi kuizima muda mrefu, kwa sababu redio, darubini za joto (zinazoona hata gizani) na mitambo ya kuzungusha tareti, kile kibanda cha juu chenye mzinga, vyote vinakula umeme, na betri zikiachwa peke yake huisha. Ndiyo maana matoleo ya baadaye yakafungwa chanzo kidogo cha umeme cha pembeni.

Sasa chukueni kombania nzima, vifaru 14. Kuvijaza vyote mara moja ni lita 26,600. Lori la mafuta la jeshi la Marekani, lile la magurudumu manane, hubeba lita 9,500 hivi. Kwa hiyo kombania moja inataka karibu malori matatu kwa mjazo mmoja, na lori halina deraya, ngozi ile ya chuma ya kifaru. Adui mwenye akili hahangaiki na Abrams. Anavizia lori. Tarehe 7 Aprili 2003, vifaru vya Marekani vilipopenya hadi katikati ya Baghdad, wafanyakazi wake walilazimika kuzima injini ili wasiishiwe mafuta, huku nyuma yao askari wengine wakipigania makutano ya barabara kuu ili malori ya mafuta na risasi yapite. Baadhi ya malori yaliteketea. Hatima ya siku ile ilining’inia kwenye malori hayo, na mwandishi akiieleza kwa kurasa kumi hajapoteza hata moja. Zaidi ya miaka 58 kabla yake, Desemba 1944, kikosi cha Kijerumani cha Joachim Peiper kiliishiwa mafuta katika kijiji cha La Gleize, Ubelgiji. Watu wapatao 800 waliacha magari yao yote wakatoroka usiku kwa miguu. Kifaru kimoja cha Tiger II bado kipo kijijini hapo hadi leo.

Mnyororo nao wasomaji huuona kama kisingizio cha mwandishi: “eti kifaru cha tani 60 kikwame kwa sababu ya kona!” Ndiyo, kwa kona. Dereva akikata kona kali juu ya mteremko wa ubavu, au mnyororo ukiwa umelegea, au tope, mawe na waya vikijikusanya kwenye gurudumu la meno, mnyororo hupanda juu ya magurudumu na kuchomoka. Dalili ya kwanza ni kifaru kuvutwa upande mmoja. Hapo dereva anatakiwa asimame papo hapo, maana kila mita anayoongeza inauzungusha mnyororo ndani zaidi. Kuurudisha ni kazi ya mikono: unalegeza gurudumu la kukazia kwa kutoa grisi, unafungua viungio, unaukata mnyororo, unauvuta na kuulaza sawasawa, unauunganisha kwa jeki maalumu, kisha unakaza upya kwa bomba la grisi. Mnyororo wa upande mmoja una uzito unaozidi tani moja. Penye ardhi kavu na watu wenye uzoefu, kazi inakwenda. Kwenye tope inakula saa kadhaa, na muda wote huo watu wako nje ya deraya.

Vumbi ni adui wa tatu. Tabaini inavuta hewa nyingi mno, na jangwani filta za hewa hukung’utwa kila kituo cha mafuta, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku. Ukiona katika riwaya kikosi kinavuka jangwa siku nne bila mtu kugusa filta, lawama ielekeze hapo.

Ndiyo maana pia jeshi halipeleki vifaru safari ndefu kwa minyororo yavyo vyenyewe likiwa na njia nyingine. Vinapanda meli, treni, au lori la lowbedi. Wasomaji wa pwani ya Kenya wanakumbuka meli ya Faina iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72, vya muundo wa Kisovieti. Vitu kama hivyo huteremshwa bandarini na kuendelea kwa reli. Shujaa anayeendesha kifaru kilomita 600 kwenda vitani, halafu akapigana asubuhi yake, ni wa kutiliwa shaka.

Dhana na lawama nyingine za wasomaji nitazipitia haraka.

“Kifaru kilichopigwa lazima kilipuke.” Hapana. Risasi kuu ya kupigania vifaru haina kilipuzi kichwani mwake. Ni mshale mrefu wa tangsteni au yurani iliyofifishwa, metali nzito sana, unaotoka kwa kasi ya mita 1,700 hivi kwa sekunde na kupenya kwa nguvu ya mwendo tu. Kwa nje unaweza kuona tundu dogo na kifaru kizima kimesimama. Ndani, vipande vya chuma vimefanya kazi yake. Kinacholipua ni risasi na baruti zilizohifadhiwa ndani ya kifaru chenyewe. T-72 inazipanga 22 kwenye sinia la kuzunguka chini ya miguu ya wafanyakazi, na nyingine huwekwa huku na huku ndani, kwa hiyo moto ukifika hapo tareti inaruka. Abrams huweka nyingi nyuma ya tareti, nyuma ya mlango wa chuma, chini ya mabamba yaliyotengenezwa yafumuke kuelekea juu. Na msiniambie “vifaru vya Magharibi havilipuki”: Leopard 2 ya Ujerumani ina risasi 27 pembeni ya dereva zisizo na kinga hiyo, na kule al-Bab, Syria, kwenye vita vya 2016 na 2017, Leopard za Uturuki zilionekana tareti zikiwa zimeng’oka.

“Deraya nene ndiyo hushinda.” Deraya ni nene mbele. Ubavu, mgongo na juu ni vyembamba. Tarehe 26 Februari 1991, katika pambano la 73 Easting huko Iraq, kikosi cha Kapteni H. R. McMaster wa Marekani kiliangamiza vifaru vingi vya Iraq katika dakika 23 ndani ya dhoruba ya mchanga. Kilichowapa ushindi ni darubini za joto na mazoezi: waliona kwanza, wakapiga kwanza.

“Droni zimekiua kifaru.” Maneno hayohayo yalisemwa 1973, makombora ya Sagger, ya kuongozwa kwa waya, yalipovunja vifaru vya Israel kule Sinai. Vifaru vile vilikuwa vimetumwa bila askari wa miguu na bila mizinga ya kutosha. Droni zimeongeza hatari sana, hilo halina ubishi, lakini kwanza angalieni kifaru kilichopigwa kilikuwa na nani kando yake.

“Mwandishi hajui kitu, kamgeuzia adui mgongo.” Lawama hii huandikwa kila T-72 inapogeuka ili ikimbie. Giya yake ya nyuma inakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Kamanda anachagua kati ya kurudi polepole akiwa ameonyesha uso mnene, au kugeuka na kuonyesha injini.

“Watu watatu ndani ya kifaru ni sawa na wanne, kwa kuwa mashine inapakia risasi.” Wakati wa kufyatua, sawa. Lakini rudini kwenye mnyororo uliochomoka kwenye tope saa nane usiku: wawili wanavuta, mmoja anakaza, na hakuna aliyebaki kwenye redio wala kwenye bunduki ya juu.