Kidonge cha ugwiji, na kwa nini nimechoka kukisikia

Jumamosi iliyopita darasa limeisha, watoto wanarudisha kete mifukoni (farasi mweusi amepotea tena, na safari hii namshuku yule wa meza ya tatu), mzazi mmoja akanisogelea na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko ninavyoulizwa bei. "Kocha, kungekuwa na kidonge, ulale hujui kitu, uamke gwiji wa sataranji, ungekimeza?" Sijafungua mdomo, akajijibu. "Mimi hapana. Kingeniharibia raha ya kujifunza. Haraka haraka haina baraka, ama?" Wazazi wawili waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa kama wako ibadani.

Nilitabasamu tu, maana mzazi huyo hulipa kwa wakati. Hapa hakuna anayenilipa, kwa hivyo niseme: si kweli. Na jibu lenyewe halinikeri sana. Kinachonikera ni picha iliyojificha chini yake, kwamba kujifunza ni safari ya matatu na ugwiji ni mwisho wa gari. Makanga anagonga bodi, mnashuka, kila mtu anaenda zake.

Mwisho huo haupo. Kompyuta zimeshapiga hesabu ya kila hali yenye kete 7 au chini ya hapo ubaoni, wafalme wakiwemo. Kuna moja, malkia na kitunda dhidi ya ngome, askofu na farasi, ambayo ushindi wake huchukua hatua 549 pande zote mbili zikicheza bila kosa. Mkalishe grandimasta, gwiji mwenye cheo cha juu kabisa, mbele ya hatua ya 200, umuulize kwa nini malkia amerudi pale alipokuwa jana. Atakuna kichwa kama mimi na wewe. Na hizo ni kete 7. Mchezo unaanza na 32.

Halafu kuna lile lingine, ndugu yake pacha: "Gwiji huona hatua ishirini mbele." Nani aliwaambia? Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot, mwanasaikolojia aliyekuwa pia mchezaji mzuri, alichapisha utafiti wake wa jinsi wachezaji wanavyofikiri mbele ya ubao. Aliona kwamba walio bora kabisa hawachimbi mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti ni kwamba jicho la gwiji linatua mapema kwenye hatua inayofaa, wakati wewe na mimi bado tunahangaika na takataka. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon kule Marekani wakaonyesha watu ubao kwa sekunde 5, kisha wakawaambia waupange upya kutoka kichwani. Hali ikiwa imetoka kwenye mchezo wa kweli, gwiji alirudisha kete nyingi kuliko anayeanza. Kete zikitawanywa ovyo, ubora wake ukayeyuka. (Waliofuata walipima tena, wakakuta bado anabaki na kaubora kadogo. Sawa.)

Sasa rudi kwenye kidonge. Kama ugwiji ni hazina ya maumbo yaliyolala kichwani, maelfu kwa maelfu, basi kidonge kitabidi kikumiminie kumbukumbu. Kumbukumbu za nani? Michezo hiyo aliicheza nani? Hili ndilo swali ninalotaka kuulizwa siku moja, na haliulizwi.

Mfano. Ngome kwa ngome, adui ana kitunda kimoja zaidi, mfalme wako amesimama mbele ya kitunda hicho. Kinga yake inajulikana tangu Philidor, Mfaransa wa karne ya 18: weka ngome safu ya tatu kutoka upande wako ili mfalme wa adui asivuke, tulia, na kitunda kikisogea kwenye safu hiyo, kimbiza ngome hadi upande wa pili kabisa uanze kumpiga mfalme cheki, yaani kumshambulia moja kwa moja, kutoka nyuma. Sare. Dakika kumi namfundisha mtoto, ameelewa. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, nikaelewa, nikaenda mashindanoni nikapoteza. Ukumbi wa mabati, mvua inanyesha hata saa ya mchezo haisikiki, jamaa aliye mbele yangu anatafuna njugu. Niliingiwa na woga, ngome nikaitoa kwenye safu yake kabla ya wakati. Miaka sita baadaye hali ile ile ikanijia, kitunda upande ule ule. Sikumkumbuka Philidor. Nilisikia harufu ya njugu. Mkono ukatulia wenyewe, nikapata sare na mtu aliyenizidi zaidi ya pointi mia mbili za kiwango cha uchezaji.

Kidonge kingenipa sare. Njugu je?

Lakini ngoja, nisijifanye nimeshinda hoja. Nilikuwa na binti mmoja darasani, huku Eastlands, alikuja akiwa na miaka 9. Nilichosotea mimi miaka minne, yeye alikimaliza kwa likizo mbili. Kwa hesabu ya wale wazazi angepaswa kuwa na raha nusu ya yangu. Wapi! Farasi wake akimpiga cheki mfalme huku amemtegea malkia, mtoto alikuwa anacheka hadi jirani wa ukumbi anagonga ukuta. Kwa hivyo kasi haikuharibu kitu. Haraka yake ilikuwa na baraka tele.

Kilichoharibu kilikuja baadaye. Alimaliza kuwapiga wenzake, akaanza kunipiga mimi. Mara ya kwanza nikasema nimechoka. Mara ya tano nilikuwa nimeishiwa visingizio. Akaanza kuchelewa, kisha kusinzia. Jumamosi moja nikamkosa kabisa, nikatoka kumtafuta, nikamkuta chini ya mti nje ya geti na watu wa bodaboda, anacheza drafti ya vifuniko vya soda. Anapigwa vibaya. Anafurahi ajabu.

Tena drafti! Ile ya sheria za Kiingereza, kundi la Jonathan Schaeffer kule Kanada lilitangaza mwaka 2007 kwamba limeitatua: pande zote zikicheza sawasawa, ni sare. Imekwisha, imefungwa. Nendeni mkawaambie wale watu wa bodaboda waache kupigiana kelele.

Kwa hivyo ninachokiogopa kwenye kidonge ni siku ya pili yake, unapofika mtaani na hakuna wa kukaa naye. Magnus Carlsen alikuwa bingwa wa dunia tangu 2013, na mwaka 2022 akasema hatatetea taji tena, hamu ya mechi ile imemwishia. Mtu akinitajia hilo kama ushahidi kwamba ukifika juu raha inakwisha, huwa namuuliza: aliacha kucheza? Hakuacha. Ameipigia debe sana sataranji ile ambayo kete za nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, mipangilio 960, Bobby Fischer aliitangaza 1996. Huko funguzi ulizokariri, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, hazikusaidii kitu. Mtu anayejua kuliko wote anakwenda kutafuta mahali ambapo hajui. Angalau ndivyo ninavyomsoma mimi, naye hajaniajiri kuwa msemaji wake.

Shaka yangu kubwa iko kwingine, na siwaambii wazazi. Sina hakika kwamba mimi mwenyewe napenda kujifunza. Inawezekana napenda kushinda, na kujifunza ndiyo njia pekee niliyopewa, basi nikaipamba kwa hadithi za njugu. Saa nane usiku, nimepoteza michezo saba mfululizo ya dakika tatu tatu kwenye simu, mke wangu amegeukia ukutani kwa sababu ya mwanga, ungenipa hicho kidonge ningekimeza bila maji. Asubuhi ningekuwa na jibu jingine. Ni yupi kati ya hao wawili anayewafundisha watoto wenu, sijui.

Yule binti yuko kidato cha pili sasa, shule ya bweni, na wiki hii wamefunga. Jana alinitumia ujumbe kwa simu ya mamake: "Kocha Jumamosi nakuja, leta saa." Saa haina betri tangu Aprili. Kesho nitapitia barabara ya Luthuli mjini kutafuta betri, halafu nirudi nyumbani nitafute ufunguzi ambao sijawahi kumchezea.