Bunduki ya shabaha kwa bajeti ndogo: peleka pesa penye kosa kubwa

Bunduki mpya ya mashindano ya mita 50, aina ya Anschütz au Walther, hula maelfu ya dola kabla hujanunua hata risasi moja. Wengi wanaoupenda mchezo huu hukata tamaa hapo. Wengine hununua bunduki ya bei ya chini, kisha wanaanza kuibadilisha kipande kimoja kimoja, leo kitako, kesho kifyatulio, mwezi ujao mtutu, na mwisho wa mwaka wametumia pesa ileile huku matundu kwenye karatasi hayajasogeleana.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, naishi Ohio, Marekani, na shabaha ni mchezo wangu wa baada ya kazi, kwa pesa inayobaki baada ya kodi ya nyumba na matumizi ya watoto. Ninachotaka kueleza leo ni namna ya kuamua pesa iende wapi kwanza.

Risasi inapotua nje ya katikati ya shabaha, imesukumwa na mambo kadhaa kwa pamoja: risasi yenyewe, bunduki, upepo na mlengaji. Makosa haya hayajumlishwi hivi hivi, kwa sababu hayaelekei upande mmoja. Moja likivuta kulia, jingine linaweza kuvuta juu. Unachofanya ni kuzidisha kila kosa kwa lenyewe, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jumla. Tuseme kwa mita 50 risasi zako zinatawanyika kwa milimita 6, bunduki inaongeza 3, na wewe pamoja na upepo mnaongeza 8. Hesabu ni 36, 9 na 64, jumla 109, na kipeuo chake ni kama milimita 10.4. Sasa tuseme umepata bunduki isiyo na kosa hata chembe. Ile 9 inaondoka, inabaki 100, na mtawanyiko wako ni milimita 10. Umelipa maelfu ya dola kwa ajili ya milimita 0.4. Lakini ukipunguza kosa lako na la upepo kutoka 8 hadi 4, jumla inashuka hadi 61 na mtawanyiko hadi milimita 7.8, bila kugusa bunduki.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu klabuni: tafuta kosa kubwa, lipunguze, kisha pima upya. Kosa dogo ukilifuta kabisa, karatasi haitakuonyesha tofauti.

Kuhusu bunduki yenyewe sina mengi. Chukua kaliba ya .22 LR, yaani ya risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ya komeo unalolivuta kwa mkono kila baada ya risasi. CZ 457, Savage Mark II na Ruger American Rimfire zote zina mitutu inayoweza kukufikisha mbali kuliko unavyodhani. Ukibahatika kukuta Winchester 52 au Remington 40-X ya zamani inauzwa na mwanachama wa klabu, iangalie kwa makini kabla ya kutafuta mpya. Mtutu wa .22 hauchakai haraka, kwa kuwa risasi yake ni ya madini laini na baruti yake ni kidogo. Unachokagua ni mdomo wa mtutu. Hapo ndipo mahali pa mwisho risasi inapogusana na chuma, na ukingo ukiwa na pengo upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi. Mara nyingi pengo hilo limetokana na fimbo ya kusafishia iliyokuwa ikiingizwa kutokea mbele miaka nenda miaka rudi. Ukingo unarekebishika, fundi bunduki mwenye lethi, mashine ya kukereza, anaukereza upya kwa muda mfupi.

Sasa risasi, maana hapa ndipo pesa inapofanya kazi.

Risasi ya .22 LR ipo sokoni tangu 1887, na muundo wake haujabadilika: baruti ya kuwashia imejazwa ndani ya ukingo wa ganda. Kiwandani inamiminwa ikiwa mbichi, kisha ganda linazungushwa ili ienee kwenye ukingo wote. Isipoenea sawasawa, mwako hautakuwa sawa, na mwendo wa risasi utatofautiana. Ganda hili halijazwi tena, kwa hiyo huwezi kujitengenezea risasi zako nyumbani kama wanavyofanya wa kaliba kubwa. Unachonunua ndicho ulicho nacho.

Mwendo una uzito gani? Chukua risasi inayotoka kwa mita 325 kwa sekunde. Kufika mita 50 inatumia kama sekunde 0.16, na ndani ya muda huo mvuto wa dunia umeishusha karibu sentimita 12.5. Risasi iliyopungua mwendo kwa asilimia 1, yaani mita 3 tu kwa sekunde, itashuka milimita 2.5 zaidi. Hazitishi. Peleka shabaha mita 100: sasa safari ni karibu sekunde 0.33, mshuko umezidi nusu mita, na ile asilimia 1 inakuwa sentimita nzima. Hiyo ndiyo sababu boksi la bei nafuu linaloonekana zuri kwa mita 25 huchora mstari wa kwenda juu na chini kwa mita 100. Mstari wa wima ni dalili ya risasi kabla ya kuwa dalili ya bunduki.

Usidanganyike na maboksi yaliyoandikwa kwamba risasi zina kasi kubwa. Sauti husafiri kwa mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi inayotoka juu ya mwendo huo hushuka chini yake ikiwa njiani, inatikiswa, na zaidi ya hapo hupeperushwa na upepo kuliko ile iliyoanza polepole. Risasi za shabaha hutengenezwa kwa makusudi zisiufikie mwendo wa sauti.

Halafu kila mtutu huelewana na aina yake ya risasi, na aina hiyo haitabiriki kwa bei. Nunua boksi moja moja la aina tano au sita: CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, Eley Club, RWS, na moja ya bei ya juu kama Lapua Center-X ili ujue dari iko wapi. Risasi hizi zimepakwa nta, na nta ya kiwanda kimoja si ya kingine. Kila ukibadilisha aina, piga kama 15 kwanza bila kuhesabu, mtutu uvae nta mpya, ndipo uanze kupima. Ukiona aina moja imeshinda waziwazi, soma namba ya toleo kwenye boksi, yaani ya risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na urudi dukani haraka kununua kreti ya toleo hilohilo. Toleo lingine la jina lilelile linaweza kuwa kitu tofauti kabisa. Lapua wana kituo Marengo, hapahapa Ohio, ambapo unapeleka bunduki yako, wanaifunga kwenye mashine na kuipigia matoleo mbalimbali uchague. Huduma kama hiyo ina maana kwa mtu anayenunua risasi za mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa wengine, benchi la klabu na mifuko miwili ya mchanga vinatosha.

Kitu cha pili kinachokula alama kimyakimya ni darubini. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa kiwandani kwa yadi 100, yaani mita 91. Ukiitumia kwa mita 50, msalaba wa kulengea na shabaha haviko kwenye kina kimoja ndani ya kioo. Jicho likisogea pembeni kidogo, msalaba nao unahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Kwa kioo cha mbele cha milimita 40, jicho likiwa ukingoni kabisa, kosa linafika kama milimita 9. Duara la kumi kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Darubini ya .22 iliyowekwa kwa yadi 50 hulibakiza kosa hilo chini ya milimita 2, na yenye gurudumu la kurekebisha umbali huliondoa. Kwa hiyo usiangalie ukuzaji kwanza, angalia umbali iliyowekewa. Tena dawa yake nyingine haina gharama: kipande cha sponji na tepu juu ya kitako, mpaka shavu likikaa, jicho liwe katikati lenyewe bila kutafuta. Nimeona sponji ya dola mbili ikifanya kazi ambayo mwenyewe alikuwa amepanga kuinunulia kitako kipya.

Tukija kwenye bunduki kama chuma na mbao, kazi moja inalipa kuliko zote: namna chuma kinavyokaa kwenye mbao. Kwanza hakikisha haina risasi, toa magazini, toa komeo, weka mbali. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, kuanzia mbele ukirudi nyuma. Ikikwama, mbao inaugusa mtutu, na kila siku yenye unyevu mbao itausukuma upya. Ikwangue kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti mpaka karatasi ipite huru.

Kisha kagua mkazo. Simamisha bunduki, gusisha ncha ya kidole mahali mtutu unapokutana na ncha ya mbao, nusu kidole kwenye chuma na nusu kwenye mbao. Legeza skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia chuma kinainuka, basi kilikuwa kimepindishwa na skrubu. Mimi hutumia dial geji, kipimo cha sindano kinachoonyesha msogeo mdogo sana: sindano ikihama zaidi ya milimita 0.05, nafungua kazi ya gundi. Nachimba mbao kidogo pale chuma kinapolala, naziba kila tundu kwa udongo wa kuchezea watoto, napaka chuma chote kiwi ya viatu tabaka mbili ili gundi isishike, naongeza tepu kuzunguka mtutu uelee katikati ya mfereji wake, ndipo natia epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, yenye unga wa chuma. Chuma kinalala chenyewe. Skrubu nazitumia kuongoza tu, sizikazi, kwa sababu ukikaza wakati gundi ni mbichi unaugandisha ule ule mkazo uliokuja kuuondoa. Baada ya saa 24 kinatoka kwa kugonga kidogo kwa nyundo ya mpira, na chini yake unaona alama ya kila mkwaruzo wa chuma imechapwa kwenye epoksi. Hapo umefaulu. Gharama haifiki dola 30.

Ukirudisha, kaza skrubu kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, andika namba, na urudie namba hiyo kila unapoifungua bunduki.

Kifyatulio sikifungui kwa ajili ya mtu asiye na uzoefu, wala simshauri akate springi. Kifyatulio kilichokosewa kinaweza kufyatuka bunduki ikigongwa. CZ na Savage zina skrubu ya kurekebisha iliyowekwa na kiwanda. Ishia hapo, au nunua kilichokamilika.

Na hapa niseme jambo la sheria kwa uwazi. Haya ninayoeleza ni ya bunduki nzima, iliyonunuliwa dukani kihalali. Tanzania na Kenya bunduki ni ya mwenye leseni, na kuifungua na kuirekebisha ni kazi ya fundi aliyeruhusiwa. Msomaji wa huko mwenye kibali na klabu achukue ya risasi, darubini, upepo na vipimo, ya gundi na msasa amwachie fundi.

Kupima nako kuna mtego. Watu hupiga risasi tatu, wakipata kundi dogo la matundu yaliyokaribiana wanalipiga picha. Bunduki na risasi zilezile, ukipiga kumi badala ya tatu, kundi litapanuka kwa zaidi ya nusu kwa wastani, bila kitu chochote kuharibika. Ni hesabu za bahati tu. Kundi la kumi ni kubwa kuliko la tano kwa karibu robo. Basi ukilinganisha risasi mbili, linganisha kumi kwa kumi, tena si mara moja, na usitupe tundu la nje kwa kisingizio kwamba ulitikisika. Kama hukulitaja kabla ya kuangalia karatasi, limo.

Upepo nimeuacha nyuma, lakini ndio wa kwanza kushughulikia, kwa sababu karibu haukugharimu kitu. Upepo wa pembeni wa mita 3 kwa sekunde, ule unaotikisa majani tu, unaihamisha risasi ya .22 karibu sentimita moja na nusu kwa mita 50. Hiyo peke yake inakutoa kwenye kumi. Kata vipande vya mfuko wa plastiki, vifunge kwenye vijiti, chomeka kimoja kila mita 15 kati yako na shabaha, chini ya mstari wa risasi. Kisha subiri. Usifyatue mpaka vipande vimekaa jinsi vilivyokaa ulipopiga risasi iliyopita. Wanaofanya hivi wakiwa na Savage ya kawaida huwashinda wenye bunduki za bei mara kumi wanaofyatua bila kuangalia.

Ukishaiweka bunduki sawa, ipeleke ikashindane na wenzake. Kila kiangazi Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, CMP, shirika la Marekani la kukuza shabaha kwa raia, huendesha mashindano ya Rimfire Sporter, kwa yadi 25 na 50, ukipiga umelala, umekaa na umesimama. Kwa madaraja ya kawaida bunduki isizidi pauni 7.5, yaani kilo 3.4, na kifyatulio kibebe angalau pauni 3. Kanuni hizo zimewekwa ili bunduki ya dukani ishindane na bunduki ya dukani. Pima uzito ikiwa na darubini yake kabla hujalipa kiingilio, kwa sababu mitutu mizito inayouzwa sana siku hizi huvuka kiwango hicho kwa urahisi.